Namba nane, namba tisa au 14.1: mchezo upi wa pool ni mgumu zaidi?

Mkazi wa Area D

Wanajukwaa, habari za jioni. Klabu yetu ndogo hapa Dodoma ina meza tatu za pool: mbili za futi 7, zile za kutumbukiza sarafu, na moja ya futi 9 iliyopatikana kwa michango ya wanachama. Tumekubaliana kuanzisha ligi ya ndani, ratiba imeshapangwa, hata mlinzi ameshaelezwa kwamba siku za mechi geti litafungwa kwa kuchelewa. Kilichotushinda ni kukubaliana mchezo wenyewe uwe upi.

Wenyeji waliojifunzia Majengo na Chang'ombe wanataka namba nane, yaani ule ambao kila mmoja humaliza mipira yake saba ndipo aruhusiwe kuiingiza nane. Watumishi waliohamia na wizara zao kutoka Dar es Salaam wanasema huo ni mchezo wa kupitishia muda, na kwamba mchezaji hupimwa kwa namba tisa au namba kumi, ambako mpira mweupe lazima uanze kugusa mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, na anayeiingiza tisa, au kumi, ndiye mshindi. Na yupo mzee wetu mmoja, mtu wa Kondoa, ambaye huwasikiliza wote huku akipaka fimbo yake chaki, kisha husema kwamba hakuna anayejua kucheza mpaka acheze 14.1, ule mchezo wa pointi ambao kila mpira unaoingia ni pointi moja.

Swali langu ni hili: tukiweka ushabiki kando, mchezo upi ni mgumu zaidi, na ugumu wake uko wapi hasa? Uko katika kutumbukiza, katika kuuongoza mpira mweupe, au katika kufikiri? Naomba anayejibu asiishie kusema "inategemea", maana jibu hilo tunalo tayari na halijatufikisha popote.

Mwalimu wa Chimwaga

Ndugu Mkazi, wahamiaji wenu wana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayowasumbua kwenye ligi.

Tuanze kwa kuhesabu. Katika namba tisa, ukiacha bahati ya kuiingiza tisa kwa kupitia mpira mwingine, mfuatano ni mmoja tu, kutoka moja hadi tisa. Katika namba nane, mipira yako saba inaweza kuingizwa kwa mifuatano 5,040 tofauti kabla hujafika kwenye nane. Wengi huuona wingi huo kuwa nafuu, na kwa mchezaji aliyekomaa ni nafuu kweli, kwa kuwa akikosa nafasi nzuri kwa mpira mmoja huhamia mwingine. Kwa mchezaji wa kawaida, hata hivyo, wingi huo ndio mtego wenyewe. Huanza na mipira iliyokaa mdomoni mwa mashimo, akaimaliza huku anashangiliwa, kisha hubaki na miwili iliyobanana na ya mpinzani kwenye ukingo, bila mpira hata mmoja wa kumsaidia kuufikia mrundikano huo na kuuvunja. Mchezaji mzuri huutazama mrundikano huo kwanza, kabla hata hajachagua kama atachukua mipira ya rangi nzima au ya mistari.

Halafu kuna gharama ya kukosa. Katika namba tisa nyote mnaupiga mpira uleule, kwa hiyo meza unayoiacha ndiyo meza atakayoipokea mwenzako, ikiwa na ugumu uleule. Katika namba nane, kila mpira wako unaoingia unampunguzia mpinzani kizuizi kimoja. Aliyeingiza sita akakosa wa saba amemfagilia mwenzake uwanja: mwenzake ana mipira saba ya kuchagua na karibu hakuna kinachomziba. Ndiyo maana wajuzi wa namba nane huuacha kwa makusudi mpira wao ukining'inia mdomoni mwa shimo. Mpira huo unaliziba shimo hilo dhidi ya mpinzani, na mwenyewe anajua kwamba siku ya shida utaingia kwa kuguswa tu.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba namba tisa inaudai mkono zaidi, lakini mtu ambaye bado hawezi kusafisha meza kwa zamu moja ataadhibiwa zaidi na namba nane.

Mhamiaji wa Mtumba

Mwalimu, kwa heshima zote, umehesabu mifuatano ukasahau umbali.

Chukua meza ya futi 9. Nne iko karibu na kona ya juu kushoto, tano iko karibu na kona ya chini kulia, na sita imerudi juu tena. Ukishaipiga nne, mpira mweupe unalazimika kuvuka meza nzima, pengine kwa kugonga kingo tatu, ukapita katikati ya mipira mitano bila kuugusa hata mmoja, kisha usimame upande unaofaa wa tano. Neno "upande" ndilo linalowashinda watu. Kusimama karibu na tano hakutoshi. Ukisimama mahali ambapo pigo la tano litaupeleka mweupe mbali na sita, utaiingiza tano na kupigiwa makofi, lakini zamu yako imeshakufa na wewe ndiye wa mwisho kujua. Mchezaji wa namba nane hana mateso hayo. Mweupe ukisimama vibaya kwa mpira alioukusudia, anageuka na kuangalia mingine iliyoko karibu, na mara nyingi anaukuta mmoja.

Nakubali kwamba namba tisa ina doa lake, nalo ni bahati. Kanuni hazikudai utaje shimo: mradi mweupe umeanza kugusa mpira mdogo kuliko yote, chochote kinachoingia popote ni halali, na tisa ikiingia kwa kusukumwa na mpira mwingine katika pigo la pili la gemu, gemu imekwisha. Isitoshe, mipira tisa ikipangwa kwa kubana vizuri, ile miwili ya pembeni huelekea mashimo ya kona kwa urahisi mno katika pigo la kufungulia, na anayelijua pigo hilo anaweza kumaliza gemu mbili tatu mfululizo huku mpinzani amekaa.

Kwa sababu hiyo mimi napigia kura namba kumi. Mfuatano ni uleule, lakini unataja mpira na shimo kabla ya kupiga, kumi ikiingia katika pigo la kufungulia hurudishwa mezani badala ya kukupa ushindi, na rundo la mipira kumi halifunguki kwa ulaini wa lile la tisa. Hapo bahati imebanwa na umbali umebaki palepale.

Fundi wa Meza

Ndugu zangu, kazi yangu ni kubandika vitambaa na kusawazisha meza, kuanzia Manyoni hadi Mpwapwa, na ninavyowasoma naona mnalinganisha michezo huku kila mmoja akiwa na meza yake kichwani. Mwalimu anaiona meza ya sarafu, Mhamiaji anaiona ya futi 9. Tusawazishe hapo kwanza.

Meza ya futi 9 ina uwanja wa sentimita 254 kwa 127, mpira wake una kipenyo cha milimita 57, na mdomo wa shimo la kona ni takriban sentimita 11 na nusu, yaani mipira miwili iliyopangwa bega kwa bega inapita kwa shida. Kingo zake zimekatwa kwa pembe kali mdomoni, hivyo mpira unaokwenda polepole ukigusa pembe bado unaweza kuteleza ukaingia. Meza za futi 7 za mipira myekundu na ya njano zina mipira ya milimita 51, na midomo ya mashimo yake imeviringwa kama ya snuka. Mpira ukigusa mviringo ule kwa nguvu, shimo linautema. Kwa hiyo kijana wa Majengo anayeonekana kukosa mipira rahisi huenda anapigia shimo lisilosamehe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitazami. Katika meza nyingi za sarafu mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine, milimita 48, ili meza iweze kuutenganisha na mingine na kuurudisha ukidumbukia. Ni mwepesi pia. Mpira mwepesi ukipigwa chini hurudi nyuma kwa furaha, lakini ukitaka uufuate mpira uliougonga unagoma. Mtu aliyelelewa na mweupe huo akipelekwa kwenye meza kubwa, wiki za kwanza hulalamika kwamba mweupe ni mzito na haurudi, kumbe ni mkono wake uliozoea kusaidiwa.

Sasa rudini kwenye mabishano yenu. Mipira 15 juu ya uwanja wa futi 7 ni msongamano mtupu. Mirundikano anayoizungumzia Mwalimu inatokea kila gemu, na nafasi za kupitisha mweupe ni chache. Mipira tisa juu ya uwanja huohuo ni mtaa uliohamwa. Kwa maneno mengine, namba nane hupungua ugumu meza inapokuwa kubwa, na namba tisa huongezeka ugumu. Wanachama wenu wanaobishana wote wanasema kweli, kila mmoja juu ya meza aliyokulia.

Na kwa kuwa mko Dodoma, msisahau vumbi. Kiangazi hiki upepo unaingiza vumbi laini hata kwenye ukumbi wenye madirisha yaliyofungwa. Mipira michafu hushikana kidogo pale inapogusana, na mpira unaopigwa kwa pembe hutupwa nje ya mstari wake. Mchezaji huapa kwamba ameulenga sawasawa, naye hakosei. Futeni mipira kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kila mechi, halafu kikavu, na brashi ya meza ipite kuelekea upande mmoja. Kupima kama meza imelala sawa, sukumeni mpira polepole sana sambamba na ukingo mrefu na muutazame pumzi zake za mwisho, kwa sababu mpira wenye kasi huficha mteremko. Zaidi ya yote, kile kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu wa meza, ambacho nakikuta kila ninakokwenda, kiondoeni. Baada ya siku chache kinabonyea na meza inarudi kulekule.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, kijana wangu amenionyesha kwamba nimetajwa humu, basi nijieleze mwenyewe.

Mchezo wa 14.1 unamruhusu mchezaji kupiga mpira wowote, mradi ataje mpira na shimo, na kila mpira ni pointi moja. Anayesikia hivyo husema ni rahisi. Sikilizeni sehemu ya pili. Mipira 14 ikishaingia, wa 15 unabaki pale ulipo, mweupe unabaki pale ulipo, na ile 14 inapangwa upya kwa kuacha wazi nafasi ya mbele ya pembetatu. Pigo lako linalofuata linapaswa kuuingiza ule uliobaki na, kwa mwendo huohuo, mweupe uende kulipasua rundo jipya ili upate cha kuendelea nacho. Usipolipasua, umekwama mbele ya ukuta.

Maana yake ni kwamba wakati mezani bado kuna mipira sita au saba, uwe umeshaamua upi utabaki wa mwisho, uwe unaulinda usisogee, na uwe unajua mweupe utausogeleaje kutoka upande gani. Mpira mzuri wa kubaki huwa pembeni mwa rundo, mahali ambapo mweupe ukishaugonga utaelekea rundoni wenyewe. Nimewaona vijana wanaoifagia namba tisa kama mchezo wa watoto wakifika kwenye mpira wa 14 ndipo wanakumbuka kutafuta wa 15. Mifuatano 5,040 ya Mwalimu hapa inakuwa mingi mara nyingi zaidi, na hakuna gemu mpya ya kukusafishia makosa: hesabu ni moja hadi pointi 100, au 150, au zozote mlizokubaliana, na ukikosa unaweza kukaa kwenye kiti muda mrefu mpaka mkono upoe.

Willie Mosconi wa Marekani aliingiza mipira 526 mfululizo mwaka 1954 bila kukosa, juu ya meza ya futi 8, na idadi hiyo ilizungumzwa kwa miongo mingi mpaka John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019. Sitaji idadi hizo ili niwatishe. Nataka mwone kwamba katika mchezo huu kiwango cha mtu kinasomeka waziwazi, kwa sababu anayeingiza wastani wa sita kwa zamu na anayeingiza wastani wa kumi hawawezi kufichwa na bahati.

Snuka nayo isiachwe. Kwa kutumbukiza peke yake, hakuna mchezo wa pool unaoifikia: meza ya futi 12, mipira ya milimita 52 na nusu, mashimo yenye mviringo. Anayetaka pointi 147, yaani alama kamili ya kufagia meza kwa zamu moja, anaingiza mpira mara 36 mfululizo, nyekundu na nyeusi kwa kupokezana mara 15, kisha rangi sita kwa mpangilio wake. Na jicho lililonolewa huko halipotei likihamia kwingine. Allison Fisher wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia wa snuka ya wanawake, akahamia kwenye pool ya Marekani mwaka 1995, na akatawala namba tisa ya wanawake kwa miaka.

Mkiniuliza mchezo unaochosha akili kuliko yote, nitasema ni ule wa shimo moja. Kila mchezaji anapewa shimo moja la kona, na wa kwanza kuingiza mipira minane katika shimo lake ameshinda. Mapigo mengi ndani yake si ya kuingiza kitu, ni ya kusogeza mipira upande wako na kumwacha mwenzako asiwe na la kufanya. Lakini msiuweke kwenye ligi. Gemu moja inaweza kula jioni nzima, na mke wa mlinzi atakuja kunidai mimi.

Mwalimu wa Chimwaga

Shikamoo mzee. Hoja yako ya mpira wa mwisho nimeipokea, na nadhani inaipa nguvu hoja yangu kuliko ya Mhamiaji, kwa sababu kupanga mapema ndiko kunakopimwa katika 14.1 na ndiko kunakopimwa katika namba nane.

Kwa wanaosema namba nane ni ya kupitishia muda, niongeze jambo moja. Efren Reyes wa Ufilipino alitwaa ubingwa wa dunia wa namba tisa mwaka 1999 na wa namba nane mwaka 2004, akawa wa kwanza kuwa na yote mawili. Kama namba nane ingekuwa mteremko, isingehitaji mtu wa kiwango hicho kuiunganisha na ile nyingine.

Fundi naye amenisahihishia mizani. Nakubali kwamba nilichokisema kina uzito zaidi kwenye meza ndogo.

Mkazi wa Area D

Nawashukuru nyote, na mzee wangu shikamoo. Sikujua kwamba unasoma humu.

Naona sasa kwamba kosa la mjadala wetu lilikuwa kutafuta mchezo mmoja kwa meza tatu. Nimewaza hivi: namba nane ichezwe kwenye meza za futi 7, na namba kumi kwenye ile ya futi 9. Shida ninayoiona ni kwamba zaidi ya nusu ya wanachama hawajawahi kucheza mchezo wa kutaja shimo, na nahofia gemu moja ya namba kumi ikiwa baina ya wageni wawili itakwenda bila mwisho.

Mhamiaji wa Mtumba

Hofu yako ni ya haki. Wageni wawili kwenye namba kumi hukwama kwenye mpira wa pili au wa tatu, kila mmoja akikosa na kumwachia mwenzake palepale, na watazamaji wanaondoka. Kwa daraja la chini waacheni wacheze namba tisa kwenye meza kubwa. Bahati niliyoilalamikia itawasaidia kuzimaliza gemu, na wataizoea miondoko mirefu ya mweupe bila kulemewa na kutaja. Daraja la juu ndilo liende namba kumi. Mechi ziwe ndefu kiasi, mshindi awe wa kwanza kufikisha gemu saba badala ya tatu, kwa sababu mechi fupi ya namba tisa humpa ushindi aliyeangukiwa na bahati. Pigo la kufungulia wapokezane, asilipate mshindi peke yake.

Jambo moja la kanuni liandikwe kabla ya siku ya kwanza: baada ya faulo, mpinzani anauweka mweupe popote mezani, au anapewa mapigo mawili kama kwenye meza za sarafu? Wachezaji wa Majengo na sisi tuliotoka Dar es Salaam tumezoea tofauti, na faulo ya kwanza tu itazua ugomvi.

Mzee wa Kondoa

Meza kubwa, popote. Meza ndogo, mapigo mawili kama walivyozoea. Msiwabadilishie vijana kila kitu kwa siku moja. Na mniachie Jumapili mchana meza ya futi 9 iwe ya 14.1 kwa anayetaka, hadi pointi 50 tu, bila ligi na bila zawadi. Mwalimu aje wa kwanza.